Mombasa Yangu ya Majanji

Nakiri: nililidanganya darasa zima kwamba likizo nilikuwa Mombasa. Ukweli ni kwamba mama, anayeuza dagaa sokoni Tororo, alinituma Majanji, kando ya ziwa, nizilinde dagaa zake zikianikwa, zisiliwe na kunguru. Akaniachia simu yake.

Nikavaa miwani ya jua, nikajilaza mchangani, nikajipiga picha. Nyuma yangu dagaa ziling'aa juu ya nyavu kama ufuo mweupe. Nikaituma kwenye kundi la darasa: “Mombasa raha. Asubuhi kuogelea, mchana madafu, jioni kupanda ngamia.” Athieno, msichana ambaye hajawahi hata kunisalimu, akajibu, “Kumbe wewe ni mtu wa maana.” Nikaufuta ujumbe upesi mama asiuone. Picha nikaisahau simuni.

Jumamosi Athieno akaja kibandani kwetu sokoni na mama yake. Nikajificha nyuma ya gunia. Mama yake akauliza kama dagaa zetu hazina mchanga. Mama akatoa simu, akaifungua ile picha, akanivuta shati nikasimama, akasema:

“Mchanga utoke wapi, dada? Tazama mwenyewe. Huyu kijana wangu alizilinda Majanji wiki nzima, mpaka akalala usingizi kando ya dagaa.”