Mkungu wa Koku

Mnicheke, lakini polepole. Binti yangu Koku alijifungua huko Dar es Salaam, akatamani ebitoke, ndizi za kupika za shambani kwetu Nyabiyonza. Mumewe akanisihi nipande ndege Bukoba ili zifike mbichi. Nyumbani nilijigamba sana. Nilipoiona ndege yenyewe, miguu iligoma. Nikapanda meli hadi Mwanza, kisha gari moshi hadi Dar es Salaam, siku tatu njiani.

“Shikamoo, baba. Ndege haikukutisha?”

“Marahaba, mwanangu. Hata kidogo! Mawingu yalikuwa chini yangu.”

Koku akafungua majani ya mgomba niliyofungia ndizi. Mkungu mzima ulikuwa umeiva, manjano tupu! Mimi niliyekulia migombani nilisahau kwamba ndizi huiva.

Akanitazama, akamenya moja, akanilisha kama mtoto.

“Kula, baba. Najua gari moshi linachosha.”