Dawa ya Dizeli na Trekta ya Baba

Mimi nina mdomo, na siku ile mdomo ulinitangulia. Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi kunijulisha kwamba dalali wa vyuma anakuja Jumamosi kuchukua trekta ya marehemu baba. Nikamrukia kabla hajamaliza. "Vyuma gani? Hiyo trekta ni nzima!" Akacheka. Akasema kama ni nzima basi iwake Jumamosi mbele ya dalali, naye hatafungua mdomo tena. Ikikataa, itakatwa vipande iuzwe kwa kilo.

Mama, niliyekuwa nimemtembelea kwa likizo ya wiki moja, alikuwa ameketi kando yangu akichambua mboga, na simu yangu ina kelele, kwa hivyo alisikia yote. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mpaka Jumamosi ni siku ngapi?"

"Nne, Mama."

"Basi zinatosha," akasema, akaendelea na mboga zake. Lakini niliona mikono yake imeanza kuchanganya majani mazuri na yaliyooza.

Kwetu ni upande wa Kimulot, juu kabisa, ukungu wa msituni unapoingia mpaka jikoni. Majani chai hayahitaji trekta, kwa hivyo hata baba alipokuwa hai ilifanya kazi kwa misimu. Ililima vipande vya mahindi vya majirani, na mvua ikizidi ilivuta lori la majani kutoka kwenye tope. Baba hakudai malipo. Ukiazima, uliirudisha imeoshwa, na jerikeni ndogo ya dizeli mkononi. Kuikataa hiyo jerikeni ni kumtukana mtu. Baba aliimimina yote kwenye pipa moja nyuma ya ghala, ya huyu na ya yule, ile ya kutoka pampu na ile iliyonunuliwa kando ya barabara kwa watu wasioeleweka. "Asante ni asante," alikuwa akisema. Tangu tumzike, mwaka na zaidi, trekta haikuwa imetoka getini.

Basi mimi, mfanyakazi wa ofisi ya kiwanda, niliyezoea kalamu, nikajifanya daktari. Nilishuka mjini Litein nikanunua dawa ya kuongeza kwenye dizeli iliyokaa sana. Muuzaji alinieleza kipimo, nikamwambia najua. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku hiyo lilikuwa limeshakufa. Nilijaza tanki kutoka kwa lile pipa la asante, nikamimina chupa nzima, nikijiambia kama kidogo inasaidia, nyingi itaponya kabisa. Nikaazima betri, nikapiga stata.

Ikakohoa. Ikanguruma! Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, uso wote umefunguka. Halafu ikazima. Nilijaribu tena na tena mpaka betri ikafa, kisha nikalipiga teke gurudumu kwa hasira. Wacha tu, kidole cha mguu kilivimba mpaka Jumapili.

Mama hakunigombeza. Alichukua simu yake akamwita fundi ambaye mimi nilikuwa nimekataa kumwita.

Huyo fundi ni mzee wa kutoka upande wa ziwa. Alikuja huku akiwa kijana kufanya kazi kwenye gereji ya shamba kubwa la chai, akastaafu, akabaki nasi. Asubuhi ya Alhamisi alifika kwa miguu, spana zake ndani ya gunia la unga. Hakuigusa injini. Alivua kofia, akamsalimia Mama, kisha akamuuliza, "Kogo, mzee alikuwa anafanya nini na hii kitu kila Jumapili kabla ya kanisa?" Hapa kwetu kogo ni nyanya, na kila mtu humwita Mama hivyo.

Mama akafikiri. "Alikuwa anachuchumaa chini yake na mkebe. Anafungua kitu, inatoka maji kidogo, anafunga."

Watoto wanne alituzaa yule mzee, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza huo mkebe ni wa nini.

Fundi akaenda chini ya tanki, akalegeza skrubu moja, akakinga kwa chupa ya glasi. Akaiweka juu ya ukuta, tukaiangalia ikitulia. Chini maji. Juu dizeli, nyekundu kama chai ya rangi iliyolala. Na katikati, mungu wangu, ute mweusi unaovutika kama kamasi. Akatueleza taratibu. Tanki likikaa nusu, baridi yetu hii inafanya jasho ndani yake, kama mfuniko wa sufuria. Jasho linashuka, linakuwa maji. Hapo katikati ya maji na dizeli vinazaliwa vijidudu. Pipa nalo lilikuwa hivyo hivyo, au baya zaidi.

"Kwa hivyo dawa ni uongo?" nikauliza, bado na moto wangu.

"Dawa si uongo, binti yangu. Imefanya kazi yake vizuri sana. Imeng'oa uchafu wote kwenye kuta za tanki, uchafu ukaenda kuziba filta." Akasema inabidi kumwaga yote. Ya tanki na ya pipa.

Mama aliliendea lile pipa akaweka mkono juu yake. "Hii ni asante ya watu," akasema. "Na hiyo ya tanki, ya chini kabisa, aliiweka yeye mwenyewe." Sitaficha: nililia palepale, mimi mtu wa ofisi. Fundi alingoja tu. Sijawahi kumwona mtu anayejua kungoja kama yule.

Halafu Mama akaingia jikoni, akarudi na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa yenye mkaa, ambayo bila hayo ugali wetu hauliki. Akanigeukia mimi.

"Maziwa yakiharibika humu, mimi naongeza mkaa juu yake?"

"Hapana, Mama."

"Namwaga. Nasugua. Nakausha. Kikishakuwa safi ndio napaka mkaa. Mkaa ni dawa, lakini haujawahi kuosha kibuyu cha mtu." Akamwambia fundi, "Mwaga."

Mzee akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. "Yawa! Miaka yote ile gereji nimewafundisha vijana hii kitu, na sijawahi kuisema hivyo!"

Haikumwagwa ovyo. Mama alichukua brashi akaipaka ile dizeli chafu kwenye nguzo za ua, moja baada ya nyingine, ili mchwa wasizile. Alisema asante ya watu haiwezi kuachwa chini. Ijumaa fundi alishusha tanki, akalisuuza kwa dizeli safi, akalianika kwenye kijua kati ya mvua mbili. Filta mpya zikaingia. Tukajaza dizeli ya pampu mpaka shingoni, jasho likose nafasi. Dawa iliyofuata aliipima Mama, kwa kifuniko, jinsi anavyopimia ndama dawa ya minyoo, na mimi niliambiwa nisimame mbali. Kisha fundi akaanza kutoa hewa kwenye mipira ya mafuta, akibonyeza kipampu kidogo kwa kidole gumba huku macho ameyafunga. Ningeweza kuitazama ile mikono siku nzima.

Jumamosi kaka alifika na dalali, lori likabaki getini. Mama alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Fundi akaniambia nikae kwenye kiti, eti niliyeanza nimalize. Mara ya kwanza ulitoka moshi mweupe tu. Kaka akatazama saa. Mara ya pili ikashika, ikatetemeka, ikatulia kwenye mngurumo ule wa zamani uliokuwa ukituamsha utotoni. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Dalali alikuwa mtu wa haki. Akasema chuma kinachopumua hakati, akageuza lori. Kaka naye akainua mikono juu bila neno.

Nikamuuliza Mama, kwa sauti maana ilikuwa bado inanguruma, ni nini hasa alitaka kwa trekta asiyoweza kuiendesha. Mimi nilidhani ni ukumbusho wa baba.

"Tangu tumzike, nani amekuja hapa kuazima?" akasema. "Hakuna. Wanasema mjane asisumbuliwe. Kwa hiyo heshima yao, mwaka mzima napika chai ya mtu mmoja."

Mimi mwenye mdomo nikakanyaga mafuta, trekta iite kwa niaba yangu.

Tukaona mtu anateremka njia ya juu mbio mbio, gambuti zimejaa tope. Alikuwa jirani wetu wa kilimani, amesikia sauti. Alisimama nje ya geti, akavua kofia, akaogopa kuingia.

"Kogo," akaita, "imepona?"

Mama alijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Fungua geti uingie," akamwambia. "Mbona umekawia hivyo?"