Fundi na Picha ya Mwalimu wa Kwanza

Fundi cherehani hakuwa na picha ya maana ya marehemu mkewe. Bibie alikuwa haelewani na kamera. Hata ile ya kitambulisho ilimtoa kafumba macho. Sura yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, napo ni ukutani, katika ukumbi wa watu mashuhuri wa pwani, tena chini ya jina la mtu mwingine.

Ilikuwa hivi. Mchoraji alipewa kazi ya kuwachora mashuhuri wote wa tangu zamani: manahodha, matabibu, majaji, na Mwalimu wa Kwanza, yule mama aliyewafungulia wasichana shule watu wakamwona kachanganyikiwa. Wenzake wote walikuwa na picha za zamani za kunakiliwa. Mwalimu hakuwa nayo hata moja. Mchoraji akatupa jicho huku na huku, akamwona mfagiaji wa ukumbi. "Mama, hebu weka ufagio, kaa hapo." Mfagiaji ndiye bibie. Akakaa na gauni aliloshonewa na mumewe, mikono mapajani, na nyumbani wakalicheka jambo hilo mwezi mzima.

Sasa bibie hayupo, na watoto hawakujaliwa. Kila Ijumaa fundi hufunga kibanda, huvaa shati lililonyooshwa vizuri, huenda ukumbini. Wageni husoma maelezo, wakapita. Yeye husimama mbele ya Mwalimu na kumsimulia kimoyomoyo nani kaleta suruali ya kupunguzwa, nani kanenepa na anasingizia kitambaa. Wiki nzima upweke humwelemea. Ijumaa angalau hupumua.

Ijumaa moja mlinzi akamvuta pembeni. "Mzee wangu, sijui nikwambieje. Wajukuu wa Mwalimu wameleta picha yake halisi. Mchoraji ameitwa aje abadilishe uso."

"Si waniuzie hii, wachore nyingine?"

"Nimeshakuombea. Wanasema ni mali ya umma, haiuzwi."

Fundi hakugomba. Angegomba na nani? Mwalimu alistahili uso wake. Hata yeye angekasirika kuona shati alilolishona likisifiwa kwa jina la fundi mwingine. Lakini nyumbani alilia mpaka akaionea haya cherehani.

Muda mrefu hakukanyaga kule. Alipojikaza akaenda, alimkuta ukutani mama mgeni, mwembamba, mkali wa macho. "Shikamoo, Mwalimu," akamwambia kwa heshima, akageuka aondoke.

Ndipo macho yakamshuka. Gauni lilikuwa lile lile, na mshono wake wa begani uliokwenda upande kidogo. Na mapajani ile mikono, wa kulia una kovu la pasi, la siku bibie alipomnyang'anya kazi akidai mumewe anaziunguza kola za watu. Mchoraji aliambiwa abadilishe uso. Mikono hakuna aliyeitaja.

Mlinzi alimkuta kachuchumaa mbele ya picha, machozi yanamtoka. "Vipi mzee, mgongo?"

"Niletee kiti kifupi, mwanangu. Kumbe yuko huku chini."