Kliniki ya Ng'ambo ya Mfereji

Haya nyie mliokaa kwenye magunia ya mpunga, sogeeni, na wewe shemeji punguza hiyo redio! Mnamwona nesi anakuja zahanati yetu kila mwezi na sindano za wagonjwa wa akili. Mnadhani alidondoka na mvua? Aliletwa na wivu. Wivu wetu sisi, hapa hapa karibu na Igawa.

Dada yangu mkubwa anaumwa akili. Akikosa sindano hapati usingizi, anaongea na ukuta mpaka ukuta unachoka. Na sindano ilikuwa Mbeya mjini, nauli ikikosekana basi hatulali wote.

Wakaja watafiti kutoka Iringa. Wanauliza: wagonjwa wa akili mnao wangapi, wanatibiwa wapi, nani analipa? Maana pesa ni ndogo, wanataka kujua ibaki hospitali kubwa au isogezwe vijijini, na kijiji gani. Sasa sisi mgeni akija tunaficha aibu. Wagonjwa wote tukawapeleka shambani, dada yangu naye. Mwenyekiti akajibu, "Hapa hamna. Akili zimejaa, nyingine tunagawa."

Kijiji cha ng'ambo ya mfereji walipoulizwa wakasema kweli. Kliniki ikaenda kwao.

Jamani, wivu! Gari la nesi likipita, nawaka, ungeweka sufuria ya maharage kichwani kwangu yangeiva. Zahanati yao ikapakwa rangi, ile rangi nikawa naiota. Nikimpeleka dada, mtani wangu wa kule anasimama mlangoni: "Karibuni wenye akili! Vipi, zimewaishia?" Benchini wanakaa wao kwanza. Siku moja dawa zikaisha kabla hatujafikiwa, maana ziliagizwa za watu wao tu. Dada akarudi bila sindano, mwezi mzima nyumba ikawa kama ina harusi isiyoisha.

Watafiti waliporudi kuuliza mambo yanaendaje, tukafurika kijiji kizima. Mwenyekiti akaapa kwamba yeye mwenyewe anagombana na kuku. Mama mmoja akasema mumewe ana vichaa viwili, cha asubuhi na cha jioni. Mimi, nimemshika dada mkono, nikasema kwetu mpaka mbwa anahitaji sindano.

Mtafiti, binti mpole, akatusikiliza mpaka mwisho. "Sawa wazazi wangu. Dawa zinaagizwa kwa majina. Wenye mgonjwa nyumbani waje mbele waandikishe, tuombe ziletwe hapa hapa."

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Mwenyekiti akakumbuka ana ng'ombe hajafungwa. Mimi mwenyewe, mguu mmoja ulishaanza kurudi nyuma.

Dada akachomoa mkono wake kwangu, akaenda mbele peke yake, akataja jina lake kwa sauti. Halafu akageuka, akatuangalia wote, akashangaa kweli kweli:

"He! Jamani, mmepona wote?"