Meno ya Spana

Mtunza stoo wa ofisi ya vijana ya manispaa walimbatiza Mama Kwanini, na jina likamkaa. Hakuweza kuona kitu kilichofungwa akapita bila kujua ndani mna nini. Kazi nayo ilimfaa: manispaa ikishasomesha vijana ufundi, yeye ndiye huwakabidhi masanduku ya vifaa, na baada ya miezi sita huwafuata mmoja mmoja kuona kama vinafanya kazi. Visivyotumika huvirudisha, apewe mwingine. Na foleni, jamani, ilikuwa ndefu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya binti mmoja fundi bomba, anayeishi na shangazi yake katika chumba cha uani. Binti akamwamkia, akamtolea sanduku, akasimama pembeni mikono nyuma. Mama Kwanini akafungua. Lo! Spana zinang'aa, koleo linang'aa, hata msumeno umepakwa mafuta. Ikamuuma. Vifaa vya miezi sita vikiwa hivi, basi vimelala tu. Akatoa fomu ya kurudisha.

Shangazi mtu akaapa kwamba mtoto huyo akitoka asubuhi, kurudi ni magharibi, waulizwe majirani. Mama Kwanini alishasikia viapo vya mashangazi wengi, aliendelea kuandika. Lakini udadisi ni ugonjwa usio na dawa. Kabla hajatia sahihi, akainua ile spana kubwa ya bomba, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake. Kumbe yamelika, hayakwaruzi hata kidogo.

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hebu nione mikono yako."

Binti akaitoa polepole. Kucha nyeusi, viganja vimejaa sugu, kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

"Sasa vifaa mbona viko hivi?"

"Si ulituambia ni mali ya manispaa, tuvitunze? Navisugua kila jioni, mama. Niliogopa ukivikuta vichafu utanipokonya."

Mama Kwanini akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Ni kweli, maneno hayo huyasema yeye mwenyewe kila siku ya kukabidhi. Akaichana fomu, akamwomba binti radhi mbele ya shangazi yake.

Kesho yake asubuhi alipekua daftari la stoo. Masanduku manne aliwahi kuyarudisha yaking'aa, na hakuna hata moja alilolipitishia kidole. La kwanza lilikuwa la kijana seremala, nyuma ya soko. Akaenda, akabisha hodi, hajui aanze na neno gani.