Wageni wa Mbeyu Kwenye Mikebe ya Nyanya

Leo asubuhi nimempigia Mbeyu kumpa habari njema. Simu imeita mara mbili ndipo nikakumbuka tulimzika wiki iliyopita. Jamani, akili haijakubali!

Kwa msiomjua: Mbeyu alikuwa fundi wa maabara pale Buxton, hapa Mombasa, akifuga kuvu na bakteria wa udongo. Mimi kazi yangu ni kupuliza dawa ya wadudu makontena ya bandarini Kilindini. Yeye afuga, mimi naua. Sijui tulipatanaje.

Alikuwa mpangaji wetu wa chini, Mji wa Kale. Mama hupanda nyanya juu ya paa, kwenye mikebe ya rangi, na kila zikikaribia kuzaa zilikuwa zikinyauka. Mimi mtaalamu nikaumwagia udongo dawa ya kuua viini. Zilizofuata hazikufika hata magotini.

Mbeyu akapanda juu, akaunusa udongo, akaangua kicheko. "Kaka Omari, umeua wezi na askari wote pamoja!"

Kesho yake akaja na kopo la mtindi. Ndani, wali ulioota kuvu ya kijani.

"Wali uliooza waniletea mimi, mwanangu?" Mama aling'aka.

Akamweleza taratibu huku akiuchanganya na udongo wa mikebe. Kuvu hii hukaa mizizini na kuumaliza ugonjwa kabla haujaingia. Viumbe wengine wadogo huuletea mmea chakula cha udongoni, nao mmea huwalisha sukari kupitia mizizi yake.

Mama alisikia sukari tu. Nikamkuta akiwamiminia chai ya maziwa, eti wageni hawalali njaa kwake. Sisimizi wakajaa paa zima! Mbeyu alicheka mpaka akaketi chini.

Lakini nyanya zilizaa, wacha! Tuligawa mtaa mzima.

Aliugua siku chache tu. Baada ya mazishi nikakuta kopo lake la mwisho kwenye friji yetu, limeandikwa kwa wino mwekundu: WAKO HAI. OMARI USIGUSE.

Niliogopa kweli. Hawa wakifa mikononi mwangu, ndiyo basi. Nikapika wali alivyonifundisha, nikaupoza, nikachanganya na kijiko kimoja cha kopo lile, nikafunika. Kila nikitoka kazini nachungulia.

Leo wali wote umegeuka kijani. Mama akapiga vigelegele jikoni, halafu tukalia sote wawili.

Hiyo ndiyo habari niliyokupigia, dada yangu. Mimi muuaji, nimefuga! Lala kwa raha. Wageni wako tunao, na sukari nimemficha Mama.