Mlinzi Wangu Hajafika

Mama yangu ndiye mshika funguo wa kanisa letu, na mdomo wake hauna breki. Fundi seremala mmoja aliyekuwa akisali nasi alipotoka jela, alikofungwa kwa kumnajisi mtoto, aliomba kurudi kusali. Waumini wakagombana: wengine wakasema afukuzwe, wengine wakahubiri msamaha. Mama akawakatiza: "Msamaha ni wa Mungu. Mlango ni wangu."

Akampa fundi masharti. Atakaa na mama benchi moja, hatakanyaga darasa la watoto, na hata akienda chooni, mama atamngoja nje.

"Sawa, mama," fundi akaitikia.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jumapili iliyopita goti lilimsumbua mama, tukachelewa. Tulimkuta fundi nje ya geti, mvua imemlowesha chapachapa, na mzee wa kanisa anamwita kutoka mlangoni: "Ingia bwana, tumeshakuzoea!"

"Hapana, mzee. Mlinzi wangu hajafika."

Mama alimfunika kwa mwavuli, akamfokea mzee: "Huoni haya? Aliyetoka jela ndiye anayekufundisha kazi yako!"

Miaka yote miwili mama alikuwa akimwita fundi "wewe". Siku hiyo alimwambia, "Twende, mwanangu."